Sahani Iliyokwisha Pita

Agosti 2016, mjini Rio de Janeiro, mwanamume wa miaka 52 aliingia kwenye fainali ya Olimpiki akiwa amevaa jezi ya Arsenal. Hakuwa mwanasoka, wala shabiki aliyepotea njia. Alikuwa Abdullah Al-Rashidi wa Kuwait, mlenga shabaha, bingwa wa dunia mara tatu katika miaka ya 1990, na hiyo ilikuwa Olimpiki yake ya sita. Nchi yake ilikuwa imefungiwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, wanamichezo wake wakishindana bila bendera wala wimbo wa taifa, naye akaona bora aje na jezi ya Arsenal. Aliondoka na medali ya shaba, ya kwanza kwake tangu alipoanza kwenda Olimpiki mwaka 1996 kule Atlanta. Miaka mitano baadaye, Tokyo, akiwa na miaka 57, akachukua shaba nyingine, safari hii kwa jina la Kuwait. Wana Arsenal wa Kariakoo na Eastleigh, watu waliozoea kusubiri, nadhani walimwelewa kuliko sisi wengine.

Ni mchezo gani huu unaomruhusu mtu asubiri miaka ishirini? Bondia hawezi. Mkimbiaji akifika miaka 40 anaitwa kocha. Lakini kwenye uwanja wa kulenga sahani zinazorushwa hewani utamkuta babu mwenye miwani akimshinda kijana wa chuo, na hakuna anayeshangaa. Mimi si mlenga shabaha, na bunduki sizipendi. Ninachokipenda ni kuwatazama watu hao, kwa sababu sijaona mchezo mwingine unaoivua tabia ya mtu hadharani haraka namna hii.

Tuanze na uwanja wa skeet, ambao ndio wake Al-Rashidi. Kuna vibanda viwili vya kurushia sahani, kirefu upande wa kushoto na kifupi upande wa kulia. Kati ya vibanda hivyo kuna vituo vinane, saba vikifuata nusu duara na cha nane kikiwa katikati. Mpigaji anaingia kituoni, anatia risasi, anaweka miguu yake sawa. Kwenye fulana yake, ubavuni, pana mstari ulioshonwa, na kitako cha bunduki sharti kikae chini kwenye mstari huo mpaka sahani ionekane. Hapo ndipo anapoita. Sahani inaweza kutoka papo hapo, au baada ya sekunde moja, au mbili, au ikakaribia tatu. Mashine ndiyo inayojua. Ukiwatazama kwa karibu katika sekunde hizo, utaona shingo zilizokakamaa, midomo iliyobanwa, na kidole cha mkono wa mbele kinachocheza kwenye mbao bila mwenyewe kujua. Kisha sahani inapita, bunduki inapanda begani, mlio mmoja, na mambo yamekwisha. Yote hayo yamechukua muda mfupi kuliko kulitamka neno Olimpiki.

Kwenye trap, aina ya pili ya mchezo huu, hali ni nyingine. Mashine 15 zimefichwa ndani ya handaki mita 15 mbele ya wapigaji, tatu kwa kila kituo, na mpigaji hajui ni ipi kati ya hizo tatu itakayorusha. Sahani inamkimbia kwa kasi inayozidi kilomita 100 kwa saa. Yenyewe ni kitu kidogo, kipenyo chake milimita 110 na uzito gramu 105, na siku hizi hutengenezwa kwa lami na mawe ya chokaa yaliyosagwa. Risasi ya mpigaji ina marisau ya gramu 24 tu, na ukiilenga sahani pale ulipoiona umeshachelewa. Inabidi upige mbele yake, kama kiungo anayetoa pasi kwenye nafasi ambayo mshambuliaji bado hajafika. Kwa hiyo jicho liko kwenye sahani, mtutu uko mahali pengine, na mpigaji hauangalii mtutu kabisa. Akiuangalia tu, amekosa.

Hukumu ya mchezo huu ndiyo inayonivutia zaidi. Sahani ikitoa kipande kimoja kinachoonekana, imepigwa. Ikitoa vumbi bila kipande, haikupigwa. Hakuna alama za mtindo kama kwenye jimnastiki, hakuna majaji watano wenye kadi. Ni ndiyo au hapana, mara 125 kwenye mchujo, mbele ya watu wote.

Historia ya mchezo haina haja ya kurefushwa, ila ina vituko viwili vitatu. Zamani walipiga njiwa hai, na Olimpiki ya Paris ya mwaka 1900 ilikuwa na shindano hilo, akashinda Leon de Lunden wa Ubelgiji kwa kuua ndege 21. Wamarekani walijaribu tufe za kioo, nyingine zikijazwa manyoya ili zikipasuka yapepee hewani na macho yadanganyike. Mwaka 1880 George Ligowsky wa Cincinnati akapata hataza ya sahani ya udongo wa kuchoma. Skeet nayo ilizaliwa Andover, Massachusetts, karibu mwaka 1920, kwa mwindaji Charles Davis na wenzake waliotaka kujifua kabla ya msimu wa ndege. Mwanzoni walipiga kwa kuzunguka duara zima. Jirani akafungua shamba la kuku upande wa pili, marisau yakawa yanaelekea kwenye mabanda, ikabidi duara likatwe nusu na mashine ya pili iongezwe. Nusu duara hiyo ndiyo inayotumika Olimpiki mpaka leo. Kuku wale wanastahili kutajwa kwenye kanuni.

Sasa watu wenyewe. Nenda kwenye klabu yoyote ya mchezo huu, iwe Italia, Uingereza au Marekani, utakuta tabia zilezile. Yuko mwenye kununua. Kila akishuka kiwango anaamini bunduki imemchoka, basi anabadilisha kitako, anabadilisha miwani ya njano kwa ya zambarau, anauza shotigani yake kwa hasara na kununua ya Kiitaliano yenye bei ya gari. Yuko mwenye sababu: upepo, jua, risasi za shehena mbaya, mtu aliyekohoa nyuma yake. Yuko mshauri, ambaye alama zake mwenyewe ni za wastani lakini hawezi kumwona mwenzake akikosa bila kumwendea na kumwambia ulikuwa nyuma ya sahani. Yuko mhasibu, mwenye daftari la kila raundi aliyopiga tangu ujana, ambaye akikosa moja tayari ameshapiga hesabu ya wastani wake wa mwaka. Na yuko mkimya, anayekuja na risasi zake mfukoni, anapiga, anaokota maganda, anakunywa chai na kuondoka, na mpaka jioni hujui kama amefurahi au amechukia.

Wote hao wanashika adabu moja kwa ukali unaopita wa msikitini: bunduki isiyotumika hubebwa ikiwa imefunguliwa, mitutu wazi, ili kila mtu aone kuwa haina kitu. Anayesahau hukemewa hata akiwa mkurugenzi. Nimegundua kuwa watu wenye vyeo vikubwa huipenda sana adabu hiyo. Pengine ni mahali pekee wanapokemewa.

Wengi wanaovutwa na mchezo huu ni watu wa mpangilio. Madaktari, wahandisi, marubani, wakulima wa mashamba makubwa, wafanyabiashara, watu ambao kazini kwao jambo likifanyika sawa linatokea sawa. Wanaingia wakidhani wamepata mchezo wa aina hiyo, wenye hukumu safi isiyo na ubishi. Kisha wanagundua kuwa mchezo hauwapi ushahidi wowote. Marisau hayaonekani yakiruka. Sahani iliyopigwa imetawanyika, na iliyokosewa imekwenda kuanguka majanini, nzima, bila kusema kwa nini. Mtu wa mpangilio anabaki na swali lisilo na jibu, na sahani ya pili inatoka baada ya sekunde chache. Hapo ndipo wanapoachana njia. Anayeendelea kuchunguza kosa la kwanza atakosa sahani ya pili pia. Anayedumu ni yule anayeweza kuiacha sahani iliyokwisha pita, si kwa sababu hajali, maana hakuna wanaojali zaidi ya watu hawa, bali kwa sababu amejifunza kujali kwa zamu.

Mfano wangu wa siku zote ni Bob Braithwaite, daktari wa mifugo wa Uingereza aliyeshinda trap kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Katika sahani zake 13 za kwanza alikosa mbili. Kwa mashindano ya kiwango kile, mwanzo wa namna hiyo ni wa mtu anayefunga virago. Akapiga 187 zilizobaki zote, bila kukosa hata moja, akamaliza na 198 kati ya 200. Kupiga 187 mfululizo ni kazi ya jicho na mkono, hilo halina ubishi. Lakini kuianza safari ya 187 ukiwa umeshaharibu mbili, hiyo ni kazi ya kitu kingine, na sidhani kama kinafundishwa na kocha.

Na asiyeweza kuacha? Mwili wake hufika mahali ukagoma. Wapigaji wa trap wa Marekani wanalijua balaa hili vizuri: baada ya makumi ya maelfu ya milio na mateke ya bunduki begani, siku moja sahani inatoka, jicho linaiona, akili inaamuru, na kidole hakivuti. Mwili mzima unajirusha mbele na bunduki haijalia. Wengine huacha mchezo. Wengine hufunga kifyatulio cha kinyume, ambacho unakivuta kwanza na kukishikilia, kisha bunduki inalia pale unapokiachia. Kidole kilichokataa kuvuta hakijakataa kuachia, kwa hiyo wanakizunguka kwa ujanja. Bunduki hizo huwekwa alama ya onyo, maana mgeni akiishika bila kujua inaweza kumuua mtu. Kwenye mashindano ya Olimpiki haziruhusiwi. Nasikia wapo wanaowacheka wenye vifyatulio hivyo. Mimi naona hawajawahi kupenda kitu mpaka mwili ukawakatalia.

Wenye vifyatulio hivyo utawapata kwa wingi Sparta, Illinois, kila Agosti, kwenye mashindano yanayoitwa Grand American. Yalifanyika Vandalia, Ohio, kuanzia mwaka 1924 hadi 2005, yakahamia Sparta mwaka uliofuata. Viwanja 120 vya trap vimepangwa kwenye mstari mmoja wenye urefu wa zaidi ya kilomita tano. Watu huja na magari ya kulala, wakaweka viti chini ya maturubai, wakakutana na wale waliokutana nao mwaka jana na mwaka juzi. Kuna shindano ambamo mpigaji bora husogezwa nyuma, mpaka yadi 27, ili mkulima anayepiga Jumamosi tu apate nafasi dhidi ya bingwa. Kusogezwa nyuma ni adhabu, na ni heshima kubwa kuliko kikombe. Mtu aliyefika yadi 27 huvaa beji yake kifuani na hakukumbushi, unaiona mwenyewe.

Fedha haikwepeki katika habari hii. Risasi, sahani, bunduki na safari vinagharimu, na ndiyo maana mabingwa wengi wametoka katika nyumba zenye uwezo, au majeshini, au kwenye mataifa yanayolipa. Dhahabu ya kwanza kabisa ya Olimpiki ya Falme za Kiarabu, Athens 2004, ililetwa na Ahmed bin Hasher Al Maktoum, mtu wa ukoo wa watawala wa Dubai. Nasser Al-Attiyah wa Qatar alishinda mbio za magari za Dakar mwaka 2011, na mwaka uliofuata akachukua shaba ya skeet mjini London. Mtu anayeweza kufanya yote mawili hana shida ya petroli wala ya risasi. Ila fedha inakufikisha kituoni tu. Kutoka kwenye kuita mpaka kwenye mlio, tajiri na askari wa kawaida wana sekunde ileile.

Hata jinsia haikuwa kitu, mpaka watu walipoifanya kuwa kitu. Barcelona, mwaka 1992, skeet ilikuwa ya wanaume na wanawake pamoja, na Zhang Shan wa China, msichana wa miaka 24, akawapiga wote. Alivunja sahani 200 kati ya 200 kabla ya fainali, akamaliza na 223 kati ya 225. Hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kushinda dhahabu ya Olimpiki kwa kulenga shabaha akishindana peke yake dhidi ya wanaume. Jukwaani, Juan Giha wa Peru na Bruno Rossetti wa Italia, aliowaacha nyuma, walimnyanyua juu wakicheka. Picha ile inasema mengi kuhusu wapigaji. Waliokuwa ofisini walikuwa watu wa namna nyingine: baada ya michezo hiyo wanaume na wanawake walitenganishwa, na Atlanta 1996 skeet ya wanawake haikuwepo. Bingwa wa Olimpiki akanyimwa mahali pa kuutetea ubingwa wake. Skeet ya wanawake ilifika Sydney mwaka 2000, Zhang akarudi, lakini medali hakupata. Sijawahi kusikia sababu ya kuniridhisha ya utengano huo.

Mchezo huu pia huokota waliotemwa na michezo mingine. Adriana Ruano wa Guatemala alikuwa mwana jimnastiki mpaka mwaka 2011, alipoumia uti wa mgongo akijiandaa kwa mashindano ya dunia. Daktari akamshauri alenge shabaha, kama mtu anayemwambia mgonjwa atafute kitu cha kupitisha muda. Rio 2016 alikuwa mfanyakazi wa kujitolea kwenye viwanja vya shabaha. Tokyo alishindana, hakupata medali, muda mfupi baada ya kufiwa na baba yake. Julai 2024, kwenye Olimpiki ya Paris, akavunja sahani 45 kati ya 50 katika fainali ya trap, rekodi ya Olimpiki, na Guatemala ikapata dhahabu yake ya kwanza katika historia. Jimnastiki ilimfunza mwili kutulia chini ya macho ya watu. Huenda ndicho kitu pekee alichohama nacho, na kikatosha.

Siku chache baadaye ikaja fainali ya skeet ya wanawake, ambayo bado inanikera. Viwanja vilikuwa Châteauroux, kusini mwa Paris. Amber Rutter wa Uingereza alikuwa amejifungua mtoto wa kiume miezi mitatu iliyotangulia. Miaka mitatu kabla ya hapo, akiwa nambari moja duniani, alikosa Olimpiki ya Tokyo kwa sababu ya kukutwa na UVIKO muda mfupi kabla ya kusafiri. Sasa yeye na Francisca Crovetto wa Chile walifungana kwa sahani 55 kati ya 60, ikabidi waendelee mpaka mmoja akose. Katika mapigo hayo mwamuzi aliihesabu sahani moja ya Rutter kuwa imepita. Rutter alipinga. Picha za runinga zilizorudiwa polepole zilionyesha kile ambacho watazamaji wengi walikiona kuwa sahani iliyoguswa. Lakini marudio ya video hayakuwepo kwenye kanuni za shindano lile, neno la mwamuzi likabaki, na Crovetto akashinda 7 kwa 6. Chile ikapata mwanamke wake wa kwanza wa dhahabu ya Olimpiki, na hakuna wa kumlaumu Crovetto kwa lolote, alipiga zake.

Mchezo uliojengwa juu ya ndiyo na hapana ukakwama kwenye labda. Mpira wa miguu, uliolelewa na ubishi, una marudio ya video. Tenisi, karibu kote, wameachia mashine kuamua mistari. Kitu cha upana wa milimita 110 kinachopita mbele ya macho ya binadamu kwa kasi ya gari kiliachiwa macho ya binadamu, kwenye fainali ambayo mtu alikuwa ameisubiri maisha yake yote. Sioni namna ya kulitetea jambo hilo. 

Rutter alisimama jukwaani na medali yake ya fedha. Mumewe alikuwa amemletea mtoto uwanjani bila yeye kujua, na picha zilizosambaa jioni ile ni za mama, mtoto na medali. Yeyote anayedhani alisahau palepale ile sahani anajidanganya. Alichokifanya ni kile ambacho mchezo wake umemfanyisha tangu utotoni: kuita inayofuata.

Olimpiki ijayo ya majira ya joto ni Los Angeles, mwaka 2028. Saa za kule zitatulazimu tukeshe, na vituo vingi vya televisheni vitaonyesha riadha, maana ndiko waliko watu wetu. Ukibahatika kukutana na skeet au trap usiku wa manane, usiihangaikie sahani, hutaiona. Mtazame mpigaji aliyekosa sasa hivi, anavyofungua bunduki, anavyotoa ganda na kutia risasi nyingine. Utajua kama atashinda kabla hajaita.